Dinosaria wa Gasto

Rahabu alikuwa amefundisha vipindi sita, koo limemkauka, sketi yake ya bluu imejaa vumbi la chaki, na bado kibanda cha filamu pale stendi ya Singida kilikuwa kimefurika watu. Alitaka kujaziwa filamu moja kwenye flashi, akalale. Ndani, mtafsiri mwenye shati la maua alikuwa ameng'ang'ania maiki, akiieleza filamu kwa Kiswahili.

"Huyu dinosaria, jamani, ananizidi urefu! Ukimwona, kimbia usisimame mpaka Manyoni!"

"Muongo," Rahabu akasema kwa uchovu tu. "Huyo wa kucha za mundu hakufika hata kiunoni kwako. Alikuwa kama bata mzinga, tena mwenye manyoya."

Jamaa akazima maiki. "We dada ni nani?"

"Mwalimu wa baiolojia, shule ya Utemini."

"Mimi Gasto. Na wale wakubwa nao ni uongo?"

"Wakubwa walikuwepo. Mifupa yao imechimbwa hapa hapa nchini, Lindi. Hao hawahitaji kutiwa chumvi."

Mapenzi yakaanzia hapo. Kila jioni simu iliita.

"Mwalimu wangu, umekula?"

"Nimekula, muongo wangu."

Lakini Gasto mdomo ndio jembe lake, na jembe halichagui pa kukata. Alipotafsiri filamu nyingine ya dinosaria, akatupia utani: "Kuna mwalimu wa baiolojia Utemini anasema huyu ni kuku tu!" Alidhani anamchekesha mpenzi wake. Filamu ikaenea mji mzima, na Jumatatu Rahabu alipogeuka kuandika tarehe ubaoni, darasa zima likawika kama majogoo.

Waliwika wiki nzima. Hakuna aliyemsikiliza tena. Rahabu akachukua fomu ya kuhamia Nduguti.

"Nilitania, mpenzi," Gasto alijitetea kwenye simu.

"Miaka tisa nimejenga heshima darasani, Gasto, wewe umeibomoa kwa sentensi moja. Usinipigie."

Hakupigiwa. Hilo nalo likamuuma.

Mwezi ulipita. Fomu ilikuwa imebaki sahihi yake tu, pale mwalimu mwenzake Cecilia alipomwekea simu sikioni. "Sikiliza. Ameitafsiri upya."

Sauti ilikuwa ya Gasto, imepoa, haina mbwembwe. "Jamani, hapa filamu inatudanganya. Mwenyewe halisi angenifika gotini, na alikuwa na manyoya. Mwalimu Rahabu aliniambia, nikamfanyia mzaha. Mjinga ni mimi."

Rahabu akachukua simu yake, akampigia Gasto.

"Wateja wanasemaje?"

"Wanairudisha. Wanataka dinosaria mrefu."

"Na wewe unataka nini?"

"Nakutaka wewe, urefu wako huo huo."

Rahabu akajikuta anacheka na machozi yanamtoka. "Nimechoka, Gasto."

"Najua, mama. Mimi pia."

Aliitazama fomu, akaikunja, akaitia kwenye mkoba bila kuisaini. "Basi Jumapili twende kwetu Kinyangiri, ukamwamkie baba. Atakuuliza una ng'ombe wangapi."

"Nimwambie thelathini?"

"Unao wangapi?"

Gasto akashusha pumzi. "Wawili."

"Basi sema wawili."