Gari la Kuingia kwa Akina Endacott

Jumamosi ile yadi ya magari ya mitumba pale Exeter ilijaa watu kama wamealikwa. Wanaume wanapiga mateke matairi, watoto wanapiga honi, na manyunyu yanamlowesha kila mtu. Katikati yao alikuwa Bryony Endacott, sweta lake la sufu la kijani limetoboka kiwiko, gambuti zina matope ya nyumbani, nywele nyekundu kazifunga kwa kamba ya kufungia majani makavu. Mkononi alishika fimbo ndefu aliyoikata sawasawa na upana wa njia ya kwao, pale inapobana zaidi. Kila gari alilolipenda aliliwekea fimbo mbele, kutoka kioo cha pembeni hadi kioo cha pembeni. Likizidi fimbo, analiacha.

Alipogeuka, ncha ikamchoma mtu mgongoni.

"Dada, unanipima jeneza?"

Alikuwa Leon Fairbrass, kijana wa mjini pale pale, koti la bluu limemkaa vizuri, viatu vya ngozi vimeng'aa, ananukia sabuni ya limau.

"Samahani, kaka. Napima magari."

"Na mimi nimezidi?"

Bryony akamtazama mabega. "Kidogo. Ukikunja vioo utapita."

Leon alicheka mpaka watu wakageuka. Akaambatana naye yadi nzima, akimwonyesha Land Rover nyeusi yenye matairi makubwa.

"Hili ndilo gari la shamba."

"Hilo ni la wenye barabara. Kwetu kingo za njia ni mwamba, zimekuzidi kimo."

Mwishoni alichagua kijisuzuki cheupe, kifupi, kimebonyea mlangoni.

"Hili kopo la biskuti?" Leon akamtania.

"Linavuta kwa magurudumu yote manne, na ni jembamba. Tena fupi. Kwetu mkikutana njiani, mmoja lazima arudi rivasi, pengine mpaka kwa jirani."

"Na mzigo?"

"Mwanakondoo mmoja na mkoba wangu."

Leon akafungua mlango wa nyuma, akaipima ile nafasi kwa mikono, uso ukamshuka kidogo. Bryony aliona, asiulize. Alishapendezwa na kicheko chake.

Simu zikaanza. Mtandao wa kwao unapatikana juu ya geti la malisho tu, kwa hiyo Bryony alikuwa akikwea pale na kukaa kama kuku.

"Umekula, mpenzi?"

"Pai ya jana. Na wewe?"

"Nakula picha yako."

"Utavimbiwa, nina matope."

Alipokuja kujulishwa kwa baba mtu, Leon alipaka jamu kwenye skonzi kwanza, krimu juu yake. Kwao krimu hutangulia jamu, na Mzee Wilf akaisukuma sahani yake pembeni. Lakini siku ileile Leon aliingia zizini na viatu vyake vya ngozi kumshikia kondoo aliyekuwa akizaa, na Wilf akasema, "Huyu atafundishika." Magoti ya Wilf yalishakwisha. Shamba lilihitaji mikono.

Majira ya machipuko Leon akamvisha Bryony pete. Walipatana kwamba Leon ndiye atakayehamia shambani. Ila kila akipiga simu, habari ni moja.

"Nimeona gari lingine. Pana, refu, mlango wa nyuma mkubwa."

"Leon, pana la nini? Halipiti."

"Tungechonga kingo kidogo."

"Mwamba ule, mpenzi."

"Basi tutafute njia nyingine."

"Ipite wapi, hewani? Sema kweli. Unaona haya wenzako wakuone kwenye kopo la biskuti."

"Unadhani mimi ni mtu wa hivyo?"

"Nadhani wewe ni mtu wa mjini."

Simu ikakatwa. Kondoo wakanyolewa, majani yakakatwa, na Bryony akaacha kukwea geti. Pete hakuivua.

Alasiri moja honi ikalia njiani, ndefu. Bryony akapanda Suzuki yake kwenda kuona. Pale penye mwamba alikuta gari jeupe, refu kwenda juu, limenasa katikati ya kingo. Vioo vimekunjwa, rangi imechubuka, milango haifunguki. Leon yuko nyuma ya usukani, jasho linamtiririka.

"Kurudi siwezi," alisema kupitia dirishani. "Kila nikijaribu linakula ukuta."

Bryony akakwea ukingo, upupu ukimwasha, akashukia nyuma na kuingia kwa mlango mkubwa. Hapo akasimama. Mbele yake, kwenye kiti cha magurudumu kilichofungwa mikanda, ameketi mama mtu mzima, kofia ya zambarau, hereni za lulu, wanja umepakwa kwa mkono unaotetemeka. Alikuwa amevaa kwa ajili ya kuja ugenini.

"Wewe ndiye Bryony," alisema. "Nilidhani mrefu."

"Karibu, Mama. Samahani kwa mapokezi."

Alishika usukani, Leon akasogea pembeni. Kwa kuwa vioo vilikunjwa, alirudi rivasi huku amegeuza shingo, kwa hiyo njia nzima alikuwa akitazamana na Bi. Sylvia, mama yake Leon.

"Leon hakukwambia habari zangu."

"Aliniambia unatunzwa vizuri kwenye nyumba ya wazee."

"Natunzwa. Wananilaza jua likiwaka bado. Aliniahidi siku akioa nitakaa kwake, niamke nisikie watu wangu jikoni."

Bryony akamtazama Leon. "Gari pana lilikuwa la mama."

"Mchumba wangu wa kwanza nilimwambia mapema," Leon alisema, macho magotini. "Akaondoka."

"Mjinga wewe, mpenzi wangu." Akamshika mkono, mwingine ukiwa usukanini, na gari likaendelea kurudi polepole bila kugusa kingo.

Walipotokea barabara kuu, Leon alikuwa mtu mwingine. "Tutamwingiza kwa trekta! Tutakiundia kiti chake gari jembamba! Mwambie, Bryony. Mwambie huko atakuwa salama."

Bi. Sylvia akauliza yeye mwenyewe. "Nikizidiwa, mwanangu, gari la wagonjwa linafika?"

Neno moja tu lilitakiwa. Bryony alifungua kinywa alitoe, akaziona zile hereni.

"Halifiki, Mama. Mama yangu tulimtoa kwa trela la majani, mvua inanyesha. Hatukufika barabarani naye mzima."

"Kwa nini umesema hivyo?" Leon akanong'ona.

"Ameniuliza."

"Asante, binti," alisema Bi. Sylvia, akampapasa mkono. "Leon, nirudishe."

"Basi njoo wewe mjini," Leon alimsihi. "Leo, kesho, ukitaka."

"Na baba?"

"Baba yako anatembea."

"Anatembea mpaka zizini."

Wakasimama pale kando ya barabara, malori yakiwapita, kila mmoja akimngoja mwenzake aseme jingine. Mikono ya Bryony ilikuwa na mafuta ya sufu ya kondoo. Pete ikatoka bila kuvutwa, akamrudishia Leon.

Karibu na Krismasi alikwenda Exeter na Suzuki yake kununua dawa ya kondoo. Kwenye mtaa mmoja karibu na soko, magari yameegeshwa pande zote mbili, akakutana uso kwa uso na gari jeupe refu lenye mchubuko ubavuni. Nafasi ya kupishana ilikuwa nyuma yake. Akarudi rivasi, akajibanza.

Gari likapita polepole. Leon aliinua kidole kimoja juu ya usukani, vile tunavyomshukuru mtu yeyote aliyetupisha, hata tusiyemjua, na hakugeuka. Kofia ya zambarau ndiyo iliyogeuka kwenye dirisha la nyuma, ikamtazama Bryony mpaka kona ikaificha.