Nta ya Ombati

Ijumaa hiyo, vilima vya Nyamache vilikuwa vimejifunika ukungu, kana kwamba navyo vinajiandaa kupumzika. Nyanchera aliharakisha kupika. Alikuwa Msabato, na jua likishatua hakuwasha moto mpaka kesho yake jioni. Viazi vitamu vikiwa bado vinatoa mvuke, alivifunga kwenye karatasi za nailoni, kama alivyozoea.

Kila Sabato ilikuwa vile vile. Yeye na binti yake Sheila walirudi kutoka kanisani wakakuta viazi vimetoka jasho, vinateleza, vingine vimechacha. Karatasi zilitupwa nje, na upepo ukazitawanya uani.

Jirani yake, Eucabeth, alikuja kuazima ungo akamkuta ndama akitafuna kitu cheupe. Alimshika taya, akavuta polepole. Karatasi ikatoka, ndefu, ikinukia viazi.

"Mama Sheila, huyu naye anakula chakula cha Sabato," alisema. "Lakini nailoni haisagiki tumboni. Ikijaa humo, utamzika."

Nyanchera aliokota karatasi zilizobaki uani. Ndama huyo alizaliwa wiki ile mumewe, Ombati, alipozikwa. Hakutaka shimo jingine nyuma ya nyumba.

Eucabeth alikuwa akifundisha kikundi cha akina mama. Alimweleza kwamba kitambaa cha pamba kikipakwa nta ya nyuki hufunga chakula vizuri, huoshwa, na hutumika tena na tena. Kitambaa kilikuwepo, shati kuukuu la Ombati. Kuhusu nta, Nyanchera alitazama darini.

Ombati alikuwa mfuga nyuki. Bonge lake la mwisho la nta lilikuwa huko juu, na ubavuni lilikuwa na alama ya dole gumba lake, aliyoiacha nta ikiwa vuguvugu. Baadhi ya jioni Nyanchera aliweka dole lake pale, akafumba macho. Alisikia mvumo wa nyuki, akamwona Ombati akipita kati ya mizinga bila haraka.

"Hiyo siiyeyushi, dada," alisema.

Eucabeth hakubishana. Alimkuna ndama shingoni, kisha akauliza, "Ombati alikuwa akiihifadhi ya nini?"

"Ya kazi," Nyanchera alijibu. "Alisema nta isiyofanya kazi inafuga vumbi tu."

Jumapili waliweka nta ndani ya mkebe, na mkebe ndani ya sufuria ya maji moto, kwa sababu nta ikikutana na moto wenyewe huwaka. Alama ya dole ilizama taratibu. Jiko zima likanukia mizinga. Walipaka nta kwenye vipande vya shati kwa brashi, wakavianika kivulini.

Eucabeth alimwonya asifunge chakula cha moto, maana nta ingeyeyuka. Asifunge nyama mbichi pia, kwa kuwa kitambaa hicho huoshwa kwa maji baridi na sabuni kidogo tu, ambayo hayaui vijidudu vya nyama.

Ijumaa iliyofuata Nyanchera alipika mapema, akaacha viazi vipoe. Alivifunga, akabana mikunjo kwa joto la vidole vyake mpaka ikashikana.

Sabato mchana viazi vilikuwa vikavu na vitamu. Uani, ndama alikula majani matupu. Sheila aligeuza kitambaa kwenye mwanga wa mlango, akaona alama ya dole gumba penye mkunjo.

"Mama, hii ni ya Baba?"

Nyanchera aliweka dole lake juu yake. Likaenea barabara.

"Ni yangu," alisema, akakikunja kitambaa na kubonyeza palepale.