Kona Tatu za Bomba la Mzee Thuo

Asubuhi ya Jumamosi moja, mwaka wa 1976, Risper, mama yake Akoth, alikaa nje ya chumba chake huko Kawangware akichambua omena, dagaa wa ziwani, kwenye ungo. Aliwauza karibu na stendi ya basi namba 56, na wateja wake hawakupenda mchanga.

"Mama Akoth! Njoo uone uchafu wako!"

Aliyepiga kelele ni Mzee Thuo, mwenye ploti. Alisimama mlangoni pa bafu la wapangaji, suruali ameikunja hadi magotini. Ndani ya bafu mlikuwa na sinki la kunawia, na Thuo alilionea fahari sana. Leo lilijaa maji ya kijivu hadi ukingoni. Yalinuka.

"Uchafu wangu?" Risper aliuliza.

"Wa nani tena? Unaoshea omena humu. Vichwa vyao vimeziba bomba. Mwisho wa mwezi uhame!"

Wapangaji walitoka milangoni. Wengine walicheka. Damu ilimpanda Risper kichwani. Omena aliwaosha kwenye karai, na maji akayamwaga shimoni kwa mkono wake. Kila mtu alijua. Hakuna aliyemtetea.

"Mzee, sihami kwa uongo," alisema. "Lete fundi afungue bomba. Akipata omena hata mmoja, nitafunga vitu vyangu leo leo. Na asipopata?"

"Atapata!"

Fundi Shivachi aliletwa kutoka duka la vifaa vya ujenzi. Naye hakuwa mtu wa maneno matamu. Alichungulia chini ya sinki, akauliza, "Maji yakitoka hapa yanakwenda wapi?"

"Shimoni, nyuma ya nyumba," Thuo alijibu.

Walilifuata bomba. Lilitambaa nyuma ya chumba, likakata kona. Likapita chumba kingine, likakata kona. Mbele tena, kona ya tatu.

"Nani alipanga njia hii?"

"Mimi. Mwanzo lilinyooka. Nikajenga chumba, nikalizungusha. Nikajenga kingine, nikalizungusha tena. Ulitaka nibomoe nyumba?"

"Basi hukupanga. Ulikuwa unakwepa tu."

Shivachi alifungua kona ya kwanza. Uji mweusi ulimwagika. Aliuchambua kwa kijiti: sabuni iliyoganda na nywele.

"Omena yuko wapi?" Risper aliuliza.

"Labda kona ile ingine," Thuo alisema.

"Fungua! Fungua zote, yawa! Leo tutaona."

Kona ya pili, sabuni na nywele. Ya tatu, nywele, na kipande cha wembe.

Risper alikiokota. "Huu ni wa kunyolea ndevu. Mzee, mimi nina ndevu?"

Wapangaji waliangua kicheko. Thuo alijishika kidevu, kisha akaushusha mkono haraka.

"Wembe haufai kutupwa humo," Shivachi alisema, "lakini kosa kubwa ni la njia yenyewe. Maji hayasukumwi na mtu. Huteremka tu." Aliweka pimamaji juu ya bomba. "Hapa limelala. Hapa hata linapanda. Maji yakisimama, sabuni inaganda. Na kila kona kali inashika nywele."

"Sasa nifanye nini?" Thuo aliuliza, bado amekasirika.

"Anza na mahali maji yanapokwenda, ndipo uweke sinki. Maji ya kuogea yanamwagika wapi?"

"Kuna shimo jipya upande wa pili, futi tatu tu kutoka ukutani. Sinki lilitangulia, shimo likaja baadaye."

"Hamisha sinki liende ukuta ule. Bomba liwe fupi, linyooke, na kila futi moja lishuke robo inchi. Ukilazimika kukata kona, iwe pana, na uweke kifuniko cha kufungulia. Bomba likiwa refu, nunua nene zaidi. Na chini ya sinki weka kipande kilichopinda kama shingo ya bata. Maji machache hubaki pale na kuzuia harufu ya shimo. Hili lako halina. Ndiyo maana watu wananawa huku wameziba pua."

Wiki iliyofuata kazi ilikwisha. Kabla ya kuufunika mtaro wa bomba jipya, Shivachi alijaza sinki na kutoa kizibo. Maji yaliteremka yote kwa mkupuo mmoja. Hakuna kiungo kilichovuja. Harufu ilikatika.

Jioni Thuo alikuja mlangoni kwa Risper.

"Mama Akoth," alinong'ona, "ile habari ya kuhama tuiache."

"Sikusikii."

"Nasema tuiache."

"Siku ile ulinitukana uani, mzee, tena kwa sauti. Nenda uani."

Thuo alitazama chini. Kisha akatembea hadi katikati ya ua, akakohoa.

"Wapangaji! Sikieni. Mama Akoth hakuziba bomba. Mimi ndiye niliyelipitisha vibaya. Hahami!"

Milango ilifunguka mmoja mmoja.

Risper alijifuta mikono kwenye leso, akawatazama majirani zake. Hakutabasamu.

"Na nyinyi mlionicheka," alisema, "mmesikia?"

"Tumesikia," walijibu.

"Haya. Mzee, karibu chai."