Masikio Aliyorudishiwa Makhanu

Makhanu alisikia nzi.

Kwa mtu mwingine hiyo si habari. Kule Kiamunyi, nje kidogo ya Nakuru, kila ploti ina kuku na kila kuku ana mashabiki wake wenye mabawa. Ukikosa kusikia nzi ndipo ushtuke. Lakini Makhanu alikuwa kiziwi. Miaka thelathini na moja ilikuwa imepita tangu asikie chochote kidogo kuliko mlango uliopigwa teke. Sasa aliketi sebuleni saa nne asubuhi, kitambaa cha vumbi mkononi, akimfuata yule nzi kwa macho kutoka dirishani hadi ukingoni mwa kikombe, na mlio mwembamba ukawa unasonga kichwani mwake pamoja naye. Nzi akatua. Mlio ukakoma.

Akadhani ni presha. Mbele yake mezani, amplifaya ilikuwa inawaka taa.

Alikuwa ameifukua asubuhi hiyo hiyo. Mkewe, Truphosa, alitaka stoo ya uani iwe ya chakula cha kuku, na Makhanu, ambaye hutii kila amri baada ya kubishana kidogo, akaanza kutoa mabaki ya maisha yake: buti za kazini, kofia ngumu mbili, sanduku aliloenda nalo Djibouti na Ethiopia kuwachimbia watu visima vya mvuke na kurudi nalo likiwa tupu kuliko lilivyoondoka. Chini kabisa, ndani ya gunia, ndipo ilipokuwa ile amplifaya ya stereo. Chuma kitupu, nzito kama kondoo aliyeshiba. Ilikuwa na vifundo viwili vya kuongeza na kupunguza sauti, na juu ya kila kifundo kidirisha cha kioo chenye sindano ya kupima nguvu, kimoja kushoto, kimoja kulia.

Aliinunua mwaka wa tisini na tatu, akiwa fundi wa visima vya mvuke Olkaria. Jumatatu aliifikisha nyumbani kambini. Alhamisi kisima kipya kikafunguliwa, mvuke ukapasua hewa kwa mngurumo wa kutikisa meno, na Makhanu, mjuaji wa kambi, alikuwa amevua vizibo vya masikio ili asipitwe na utani wa mwenzake Kimaiyo. Mwisho wa utani wenyewe hakuusikia. Sikio la kushoto lilikufa papo hapo. La kulia likalifuata polepole, kama mjane mwaminifu. Amplifaya ikaingia guniani bila kucheza hata wimbo mmoja.

Leo alitaka tu kuona sindano zikicheza. Aliiunganisha na spika mbili na simu yake, akaweka rumba, akalaza kiganja juu ya spika ili walau mkono usikilize kwa niaba ya masikio. Kwanza ikaja harufu, ile ya mayai viza, harufu ya mvuke wa Olkaria ambayo pua ya fundi haisahau. Kisha nzi. Kisha rumba ikakatika yenyewe, na spika zikazungumza kwa upole, kama jirani aliyekuja kuazima panga.

"Makhanu. Unataka kusikia kama zamani?"

Mtu aliyekaa kwenye kimya cha miaka thelathini na moja hamwombi mtu kitambulisho. Alisema, "Nataka."

Sindano ya kushoto ikapanda. Ya kulia ikaanza kushuka.

Siku tatu za kwanza zilikuwa harusi. Alisikia mvua juu ya mabati. Alisikia ugali ukisongwa. Aligundua kwamba kwa miaka mingi Truphosa amekuwa akimwita mbuzi huku akitabasamu, na akacheka mpaka akashika mbavu, na Truphosa akalia, kisha akamwita mbuzi tena, sasa kwa makusudi. Zaidi ya yote alimsikia Natasha, mjukuu wao wa miaka saba, ambaye sauti yake hakuwahi kuisikia hata mara moja. Mama yake, Shantel, alifanya kazi kwenye mashamba ya maua na kukaa huko huko, Kamere, na mtoto alilelewa hapa. Natasha aliimba tangu alipoamka mpaka alipolala. Makhanu alimkalisha kando yake na kumwambia arudie, na arudie tena.

Siku ya nne Truphosa alimwita mtoto aje ale, na mtoto hakugeuka. Wakasema ni ukaidi. Siku ya sita mwalimu akaleta habari kwamba Natasha anatazama midomo ya watu. Hospitalini daktari aliangalia masikio yake yote mawili, akasema ni safi na mazima, na kwamba hasikii kitu, na kwamba yeye mwenyewe haelewi.

Ni Truphosa aliyeona. Alisimama mbele ya amplifaya na mwiko mkononi, akatazama sindano ya kushoto iliyokuwa imejaa juu, akatazama ya kulia iliyolala chini kabisa, akamtazama mumewe, akamtazama mtoto. Alikwenda ukutani akang'oa plagi.

Taa haikuzimika. Harufu ya mayai viza ikajaa sebule. Makhanu akaruka, akashika kifundo cha kushoto na kukizungusha mpaka sifuri kwa mkupuo mmoja, na Natasha, aliyekuwa anachora sakafuni, akapiga yowe na kuziba masikio, na tone la damu likateremka shingoni mwake. Makhanu alikirudisha haraka. Mtoto akatulia. Spika zikacheka kidogo, kwa adabu.

"Ulinifungulia wewe," zikasema. "Nilikuwa chini ya mwamba, nimelala. Nilipotoka, masikio yako yalikuwa wazi, nikayachukua. Hiki chuma kilikuwa ndani ya nyumba yako, nikakaa. Sasa nimekurudishia, nikachukua ya mtoto. Nimekosa wapi?"

Makhanu akasema, "Yaani unaniuzia masikio yangu mwenyewe, kwa bei ya mjukuu wangu."

"Ulisema unataka."

Kufikia jioni majirani wote walikuwa na habari, na kila mmoja alikuwa na uhakika kwamba jini hilo limetoka kwenye kreta ya Menengai, kwa kuwa majini yote ya Nakuru husingiziwa Menengai. Walishauri familia ihame. Truphosa aliwasikiliza wote, akawapa chai, kisha akawaambia kwamba miti ya ploti hii ameipanda kwa mkono wake, na kama ni kuhama, na lihame lenyewe, tena halina hata godoro la kubeba.

Kesho yake aliitwa Mama Rahab, mwanamke wa maombi ambaye sauti yake peke yake ilikuwa imetoa pepo watatu na mpangaji mmoja sugu. Aliomba dakika kumi, jasho likamtiririka. Amplifaya ikaanza kuomba pamoja naye, neno kwa neno, kwa sauti yake mwenyewe, halafu ikaanza kumtangulia, ikisema kila neno kabla hajalifikia. Mama Rahab alifunga kinywa. Alirudi nyuma mpaka mlangoni bila kugeuka, akaacha kiatu kimoja, na akiwa nje alimshika Makhanu mkono.

"Ndugu yangu," akanong'ona, "kitu ulikubali kwa mdomo wako, mimi siwezi kukataa kwa mdomo wangu. Kirudishe wewe. Na ukirudishe chote."

Makhanu alikaa kwenye ngazi ya mlango akasikiliza dunia: kuku, pikipiki ya jirani yake Jerry, majani ya mgreveliya, Truphosa akipenga kamasi jikoni. Kisha akafikiri kama fundi. Kisima chenye moto hakifungwi kwa mkupuo. Ukikipiga kufuli ghafla, bomba linapasuka na anayeumia ni aliye karibu. Kinafungwa robo mzunguko, unasubiri, unapima, robo tena. Alifunga visima namna hiyo katika nchi tatu. Hili nalo lilikuwa kisima tu, ila lenye mdomo.

Saa tisa alasiri, mvua ikikusanyika juu ya bonde, alimkalisha Natasha kwenye kiti katikati ya sebule, akamwonyesha kwa mikono kwamba akisikia chochote ainue kidole. Truphosa alisimama nyuma ya mtoto akiwa na sufuria na kijiko. Makhanu akapiga magoti mbele ya amplifaya kama anayechumbia, akashika kifundo cha kushoto.

"Sitaki tena," alisema. "Chukua yako, rudisha yake."

Robo mzunguko. Truphosa akapiga sufuria. Makhanu aliisikia vizuri. Kidole cha Natasha hakikuinuka.

Robo. Sufuria ikasikika kama iko chumba cha pili. Sindano ya kulia ikatikisika. Spika zikauliza, kwa sauti ya Truphosa, kama hatammiss anayemwita mbuzi. Makhanu akajibu kwamba ameshajua kuisoma hiyo kwenye midomo ya Truphosa, inamtosha.

Robo, na sasa jini likaacha adabu, spika zikaanza kutetemeka mpaka picha ya harusi ikaanguka ukutani, na ule mngurumo wa Alhamisi ya tisini na tatu ukapanda kutoka chini ya sakafu kama kwamba nyumba yenyewe imejengwa juu ya kisima na kisima kimeamka, na mvuke mweupe ukatoka katika matundu ya chuma ukiwa na joto la kuchoma nyusi, na ndani ya mngurumo huo kulikuwa na sauti nyingi zikimtaja kwa jina, nyingine za watu aliowazika, zikimwambia kwamba kimya anachokirudia safari hii hakina sikio la kulia la kusaidia, kwamba hatasikia teke mlangoni wala radi wala kilio cha yeyote ndani ya nyumba hii mpaka afe, na Truphosa hakukimbia, aliendelea kupiga ile sufuria kama anayefukuza nyani shambani, na Makhanu akaona, kupitia mvuke, kidole kidogo cha mjukuu wake kikiinuka nusu, kikasita, kikainuka chote.

Mngurumo ukakatika. Ilibaki robo moja.

Ndipo spika zikazungumza kwa sauti ya Kimaiyo, kijana, mwenye kicheko tayari kooni. "Makhanu, sikia hii. Kuna mzee wa Keringet alienda kununua ng'ombe kipofu..." Ikanyamaza. "Nikumalizie? Nusu dakika tu. Umeingoja miaka thelathini na moja."

Naam, hapo mkono wake ulisimama. Mtu anaweza kukataa utajiri na asikatae mwisho wa hadithi. Alimtazama Natasha. Mtoto alikuwa amegeuka kwenye kiti, anamtazama nyanya yake na ile sufuria, uso umekunjamana kwa kero.

"Kukhu, mbona unapiga kelele hivyo?" akasema.

Makhanu aliisikia kwa mbali, kama sauti ya mtu aliye ng'ambo ya ziwa, na ikamtosha. "Ng'ombe huyo," aliliambia jini, "kamnunue mwenyewe." Akazungusha robo ya mwisho.

Sindano ya kushoto ikalala. Mvua ikashuka juu ya mabati, mvua kubwa ya Nakuru isiyobisha hodi, na Natasha akainua uso kuisikiliza. Makhanu alijua inanyesha kwa sababu aliona dirisha.

Watu walimshauri aitupe amplifaya. Alikataa. Ukiitupa, ataiokota mtu mwenye masikio. Ukiivunja, jini litatoka litafute chuma kingine chenye joto. Ukiizika, hapa ni Nakuru. Wauza vyuma vikuukuu wataichimbua kabla ya Jumapili. Mahali pekee salama pa jini lile, alisema, ni karibu na mtu asiyeweza kuambiwa kitu. Chakula cha kuku kikahamia jikoni, Truphosa akanung'unika, na amplifaya ikarudi stoo, ambako Makhanu alijiwekea kiti na kazi ya kurekebisha viti vya watu. Mlangoni Truphosa aliandika kwa makaa, herufi kubwa: USIJIBU. Hakuna mwingine aliyeruhusiwa kuingia, na Natasha alijua kwamba hata kuikaribia ni kosa la fimbo.

Jerry alikuja siku moja kuazima ngazi. Mtu wa pikipiki hasomi milango. Alikuwa ameshashika kitasa aliposikia kilio ndani, akachungulia kwenye ufa: Makhanu alikuwa amekalia amplifaya yenyewe, msumari mdomoni, akipigilia mguu wa stuli, na kutoka chini yake sauti ya mwanamke mzee ilikuwa inalia na kusihi, ikimwita Makhanu mwanangu, kwa jina lake la utotoni. Kisha ikanyamaza. "Na wewe hapo mlangoni," ikasema, kwa upole. "Unataka nini, kijana?"

Jerry alijikuta barabarani. Lakini alikuwa na moyo, kwa hiyo baada ya nusu saa alirudi, akazunguka nyuma, akapenyeza kipande cha katoni dirishani. Alikuwa ameandika: *Mzee, inalia na sauti ya mathe wako. Inasema iko na baridi, inataka uifungulie kidogo tu.*

Makhanu aliisoma mara mbili. Mara ya pili macho yalimlowa, kwani mama ni mama hata akiigizwa. Makalio yake yalikuwa yakitetemeka kwa nguvu za kile kilichokuwa kinalia chini yake. Kisha akachomoa kalamu sikioni, akageuza katoni, akaandika na kuirudisha dirishani:

*Mwambie aongeze sauti.*