Njia ya Kushoto

"Vedasto, umejuaje kwamba pale kuna tawi?"

"Nimeliona."

"Hujaliona. Ulikuwa umegeuza shingo huku, unaichekea simu. Umeinama bila kuangalia."

"Basi bahati tu, Dafrosa."

Nilikuwa nimekaa kwenye keria ya baiskeli yake, namrekodi kwa simu yake tukikatisha msitu wa kwetu Sikonge. Vedasto ni fundi baiskeli pale Ng'ambo, Tabora mjini. Alitaka video ya matembezi ya taratibu, watu waone baiskeli anazozifufua. Na asubuhi ile ile aliniambia hajawahi kukanyaga msitu huu.

Tulipofika njia panda akakata kushoto. Hakuuliza. Njia ile wanaijua watu wa nyumbani kwetu tu. Mimi si mtu wa kupayuka, nikaendelea kurekodi.

"Shuka kidogo, mbele kuna mchanga," akasema.

Mchanga ulikuwa nyuma ya kona. Hata mimi nilikuwa sijauona.

Hapo hapo meseji ikaingia, ikatokea juu ya kioo: "Usije naye leo. Baba yupo porini."

Imetoka kwa Koleta. Dada yangu wa kuzaliwa, aliyeachika mwaka jana akarudi nyumbani.

Nikamgeuzia kioo asome.

"Dada yangu amekukataza usije na mimi. Kwani huwa unakuja na nani?"

Akaanza kuifuta kengele ya baiskeli kwa kidole, wala haikuwa na vumbi.

"Zima kwanza hiyo simu."

"Haizimwi. Sema, video yako ipate cha kuonyesha."

"Siwezi. Niliahidi."

"Ulimwahidi Koleta?"

"Siyo Koleta peke yake."

"Kumbe mko wengi!"

"Dafro, nakuomba, usipige kelele hapa."

"Nitapiga! Kila nikikwambia uje nyumbani kujitambulisha, 'bado kidogo, bado kidogo.' Kumbe kwetu umeshapazoea, mgeni ni mimi! Baki na Koleta akurekodi. Mimi naondoka, na leo ndiyo mwisho. Nani atanisikia huku? Miti?"

"Nimekusikia mimi."

Sauti ilitoka juu. Nikainua macho. Kwenye mti wa mninga, kamba kiunoni, baba yangu mzee Kasimiri amekaa tawini pembeni ya mzinga mpya wa magome.

"Shusheni sauti, mtanifukuzia nyuki. Wameingia juzi tu."

"Shikamoo, baba." Sauti yangu ilitoka kama ya mtoto.

"Marahaba. Mzinga huu ni wa huyo unayemfokea. Alikuja kuniomba aje kujitambulisha. Nikamwambia atengeneze mzinga, autundike mwenyewe, angoje. Nyuki wakiingia, tutazungumza. Na wewe usijue, maana ungemwonea huruma, ungekuja kumpakia nta mzingani ili nyuki waingie upesi."

Nikamgeukia Vedasto.

"Na Koleta?"

"Yeye ndiye alikuwa anapita kuangalia, ananiandikia. Msimu wote uliopita nyuki walikataa kuingia."

"Sasa mbona umenileta huku?"

"Nilipanga tupite kulia. Miguu imezoea, nikashtukia niko kushoto." Akaniangalia. "Ulinidhania na dada yako kabisa?"

"Ungekuwa wewe ungedhani nini?"

"Mimi ningeruka kabla baiskeli haijasimama."

Nikacheka na machozi yakinitoka. Baba akashuka taratibu, akajikung'uta, akakitazama kile nilichokishika.

"Hicho bado kinarekodi?"

"Samahani baba, nazima."

"Acha. Vedasto, sogea kwenye mwanga. Taja mshenga wako ni nani na anakuja lini. Kesho usije ukasema mzee alisikia vibaya juu ya mti."

Vedasto akavua kofia.

"Mjomba Nikolaus wa Gongoni. Jumapili baada ya misa, mzee."

"Haya. Rudini kwa njia ya kulia. Na midomo mfunge, nyuki wasikimbie."

Video ile Vedasto hakuirusha popote. Koleta alimhamishia baba kwenye simu yake. Jumapili ilipofika na mjomba Nikolaus akaingia kwa kuchelewa, baba aliiweka simu mezani, akaifungua video, akasema:

"Mshenga, karibu. Kaa kwanza, usikilize alichoahidi kijana wako."