Mwamba wa Mtawa

Saa mbili asubuhi, Jumanne, wavuvi walimkuta Murchadh chini ya Sgeir a' Mhanaich, yaani Mwamba wa Mtawa, kafa, kisogo kimepasuka. Boti yake ilikuwa ikielea tupu. Hadi saa nne kijiji kilikuwa kimeshamhukumu Coinneach, mkwewe, kwa kuwa walikuwa wamegombana wiki nzima. Alitiwa pingu, na kivuko cha saa tisa kingempeleka mahabusu.

Sajenti Peigi, mzaliwa wa ufuo uleule, hakuziamini kesi zinazojileta zenyewe mlangoni. Aliwakusanya jikoni kwa mjane, Seonag, akamgeukia Tormod, mdogo wa marehemu.

"Wewe ndiye uliyewapigia simu walinzi wa pwani?"

"Mimi. Nilikuwa nyumbani, nikaona dirishani boti ya kaka haina mtu."

"Sehemu gani?"

"Pale Sgeir a' Mhanaich. Kwani wewe mgeni? Mchukue huyu kijana, Peigi, tuzike kwa amani."

"Sikumgusa baba mkwe!" Coinneach alifoka.

"Nyamaza, muuaji!" Tormod alimkemea.

Peigi aliweka simu mezani, akafungulia sauti waliyoirekodi walinzi wa pwani saa moja na nusu. Tormod alisikika wazi: "Nipo nyumbani. Boti ya kaka inaelea karibu na Kile Kigumu."

Seonag akashusha kikombe. Hakuna mtu wa ufuo ule anayemtaja mtawa wala padri akiwa ndani ya boti. Ni kujiitia mkosi. Humo mwamba ule huitwa Kile Kigumu. Ukishuka nchi kavu, unauita kwa jina lake.

"Mdomo umeteleza tu," Tormod alisema.

"Mbona hapa haukuteleza? Nimekuuliza, umelitaja jina bila kupepesa. Ulipiga simu ukiwa kwenye boti yako, Tormod."

Tormod alitazama mlango. Peigi alikuwa ameshauziba.

"Shemeji," Seonag aliuliza, "kwa nini?"

"Shamba la baba! Alitaka kumpa huyu wa kuja, mimi nipo hai! Nilimpiga kasia mara moja tu."

"Ukadanganya kila kitu," Peigi alisema. "Jina tu ndilo lilikushinda?"

"Nilitaje kulekule majini? Nyumbani ningerudije?"

"Murchadh naye alitaka kurudi," Seonag alisema, akilia.

Peigi alimfungua Coinneach pingu, akamfunga nazo Tormod.