Klipu ya Pili

Saa tatu na dakika ishirini asubuhi, siku ya Jumamosi, gari jekundu la marehemu Verlin Stooksbury lilifika kona ya pili ya mlima Buckhorn likaanza kutoa mvuke kama birika lililosahauliwa jikoni. Watu waliokaa kwenye viti vya kukunja kando ya barabara walisimama wote. Marlee, mjukuu wa Verlin, binti wa miaka ishirini na mitatu, aliruka nje akafungua boneti. Mvuke ulimpiga mkono wa kulia, kuanzia kiganja hadi kiwiko.

"Rudi nyuma, mwanangu!" Bibi yake, Ardith, alikuwa anapanda mlima na mkongojo wake, miaka sabini na miwili na pumzi bado anazo. "Na ninyi wengine wote, mikono mifukoni! Hakuna wa kugusa gari hili."

Mwanawe Darrel, baba mdogo wa Marlee, alikuwa ameshafika. "Mama, basi. Nilisema mimi. Kulitia vyuma vya kisasa gari la mwaka sitini na tisa ni kama kumvalisha babu suruali ya kubana."

"Babu amevaa suruali hiyo tangu Machi na hajalalamika. Kalete barafu ya mkono wa mtoto, halafu uendelee kuchekesha watu."

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Verlin aliliacha gari kwa watu wawili, mkewe na Darrel. Ardith alitaka liwe la Marlee. Darrel alitaka kumuuzia tajiri mmoja wa St. Louis anayekusanya magari ya zamani na kuyafungia ghalani. Walibishana miezi, mwisho wakakubaliana: likipanda Buckhorn siku ya mkutano wa klabu ya magari ya zamani bila kuchemka, ni la Marlee. Likichemka, saa kumi jioni linapakiwa. Trela ya tajiri ilikuwa imeshaegeshwa getini, mlango wake wa nyuma umeshushwa kama ulimi.

Mwenyekiti wa klabu, Hobart Lentz, alikuja taratibu akifuta miwani kwa karatasi ya kufutia mikono, moja ya zile zilizogawiwa kwenye hema la kifungua kinywa. Huyu alikuwa rafiki wa Verlin wa miaka mingi na mwamuzi mkuu wa maonyesho kwa miaka thelathini.

"Pole, shemeji," akasema. "Binti kajitahidi. Lakini gari halidanganyi."

"Gari halidanganyi," Ardith akakubali, "ndiyo maana nitaliuliza lenyewe. Jana tumelileta maili arobaini kwenye jua, na mshale wa joto haukuvuka nusu. Chuma hakibadilishi nia yake usiku mmoja, Hobart. Anayebadilisha nia ni mtu."

"Unasema nini?"

"Sijasema bado. Ninapoa pamoja na injini."

Walilivuta hadi banda la nne, pale lilipolala tangu jana yake saa kumi jioni. Ardith akakaa kwenye ndoo iliyofunikwa, akangoja. Marlee alikaa karibu naye, mkono umefungwa bendeji nyeupe.

"Labda nilikosea, Bibi. Labda tungechukua lile rejeta kubwa."

"Lile la kukata bamba la mbele ndipo liingie? Tulilikataa pamoja, mezani, na sababu zake nazikumbuka." Miezi yote ya baridi walikuwa wamekaa jikoni na daftari. Rejeta la alumini la safu mbili zenye mirija mipana, kwa kuwa linaingia bila kukata kitu. Feni mbili za umeme na kava lake, ili hewa ipite kwenye rejeta lote na si katikati tu. Halafu chini: mihimili ya chuma ya kuunganisha chasisi ya mbele na ya nyuma, maana kila Verlin alipokanyaga mafuta, gari lilijipinda hadi mlango wa kulia ukagoma kufunguka. Mwisho, breki za diski. "Kupoza kwanza, mifupa pili, mbio baadaye. Hukukosea. Mtu akikwambia umekosea, mwambie akuonyeshe wapi."

Saa nne na nusu injini ilikuwa imepoa. Ardith alivaa miwani yake ya kusomea, akainama, na kabla ya kugusa chochote akaangalia kwa muda mrefu.

Mpira wa juu wa rejeta una klipu mbili, pete za chuma za kuukaza, moja upande wa injini, moja upande wa rejeta. Kila klipu ina skrubu yake.

"Marlee, klipu zako ulizigeuzia wapi?"

"Skrubu chini, zote mbili. Nafika na bisibisi kwa chini bila kugusa feni. Kwa nini?"

"Hizi zinatazama taa ya kushoto. Zote mbili."

Ardith akafungua ile ya upande wa injini peke yake, akauvua mpira, akafungua na bolti mbili za nyumba ya thamostati. Thamostati ndiyo mlango wa maji: ikipata joto, springi yake inaachia na maji yanapita kwenda rejeta. Springi hiyo lazima itazame injini. Hii ilikuwa inatazama juu. Mtu alikuwa ameitoa, akaipindua, akairudisha.

Marlee alisimama. "Nitamuua mtu."

"Keti. Kwanza tumjue, tusije tukaua asiyehusika."

Wa kwanza kuitwa alikuwa Darrel. Alikuja na glasi ya chai baridi mkononi na uso wa mtu aliyeonewa.

"Ulikuwa wapi asubuhi, tulipokuwa tunakula?"

"Mama! Unanihoji mimi?"

"Nilikuzaa, kwa hiyo nakujua. Jibu."

Darrel akatazama viatu. "Nilikuja hapa. Nikafungua boneti." Marlee akavuta pumzi. "Nilipiga picha tu! Yule wa St. Louis alitaka kuona injini." Akatoa simu yake. Picha ilikuwa na saa yake: kumi na mbili na dakika arobaini asubuhi. Ardith akaikuza kwa vidole viwili. Skrubu za klipu zote mbili zilitazama chini.

"Baada ya hapo?"

"Nikaenda kula. Ulinipa soseji yako mwenyewe, umesahau?"

Hakusahau. Darrel alikuwa amekaa mkabala naye kabla chapati za maji hazijapoa, na aliondoka hemani pamoja nao saa moja na dakika arobaini. Waliporudi bandani, boneti ilikuwa imefungwa na hakuna aliyeifungua tena hadi kule mlimani. Basi kazi ilifanyika ndani ya saa ile moja.

Wa pili alikuwa Rusty Goins wa banda la tano, mshindani wa Marlee, kijana wa mdomo mrefu. Ijumaa alitangaza mbele ya watu kwamba binti akifika kileleni, yeye atakula kofia yake. Kitambaa cha mfukoni mwake kilikuwa kimelowa maji ya rejeta.

"Hicho kimelowa nini, Rusty?"

"Mama Ardith, hapa kila mtu kalowa kitu." Akakitoa. Doa lilikuwa la kijani, rangi ya dawa ya kupozea inayochanganywa kwenye maji. "Ya kwangu ni ya kijani, pampu yangu inavuja tangu Pasaka, kila mtu anajua na kila mtu ananicheka. Ya kwenu si ya rangi ya chungwa?"

"Ya chungwa."

"Basi. Nataka kumshinda Marlee kwenye barabara. Nikimshinda kwenye banda nitamsimulia nani?"

Ardith akacheka. "Ulimwona nani humu asubuhi?"

"Nilikuwa natoka kwenda kula, kama saa moja kasoro dakika kumi. Mzee Hobart aliingia na boksi lake kubandika namba kwenye vioo. Magari kumi na moja. Kazi ya dakika kumi, ila yeye hema aliliingia chapati zimekwisha, akaambulia kahawa."

Ardith aliutazama mpira, ncha yake moja bado imefungwa kwenye rejeta. Kuifikia thamostati, inatosha kufungua klipu ya injini. Ya rejeta haina kazi. Aliyekuja kuharibu angeigusa ya nini?

Saa nane mchana aliwaita Darrel, Rusty na Hobart bandani, na wanachama wakajisogeza kwa kuwa umbea hauhitaji kadi. Mezani aliweka vipande vitatu vya mpira mkuukuu, bomba la chuma, klipu na bisibisi.

"Mkono wa Marlee umeungua," akasema, "nami macho yangu ni ya jioni. Kila mmoja anifungie mpira kwenye bomba hili, nichague fundi wa kunisaidia."

Rusty alifunga skrubu ikatazama mbinguni. Darrel alikaza hadi mpira ukakunjamana. Hobart alisogeza mikono ya shati, akaweka klipu umbali wa kidole kutoka ukingoni, akaigeuza skrubu kushoto, akarudi nyuma kutazama, akaisogeza kidogo tena. Mkono ukaenda mfukoni kutafuta kitambaa, ukatoka na karatasi ya hemani. Akaifuta klipu mara mbili.

"Safi," Ardith akasema. "Na ikikaa kinyume?"

"Alama moja kila klipu. Kiwandani zilitoka hivi."

"Miaka thelathini unaondoa alama hiyo. Sasa njoo uone." Akainua boneti. Klipu ya rejeta ilikuwa palepale, haijaguswa tangu asubuhi, skrubu ikitazama taa ya kushoto, umbali wa kidole kutoka ukingoni. "Aliyepindua thamostati alihitaji klipu moja. Lakini hii ya pili ilimuuma macho. Alikuja kuharibu gari, Hobart, akashindwa kuliacha limekaa vibaya."

Watu wakasogea kuichungulia klipu.

"Huo si ushahidi," Hobart akasema.

"Kitambaa chako cheupe kiko wapi? Tangu nikufahamu hujawahi kufuta miwani kwa karatasi."

"Nimekisahau nyumbani."

Rusty hakungoja kuombwa. Alilifikia boksi la namba, akapekua chini ya kadi zilizobaki, akainua kitambaa cheupe. Kilikuwa na doa bichi la rangi ya chungwa.

Hobart akakaa kwenye ndoo. Alipoongea, hakumtazama Ardith bali gari. "Majira mawili ya baridi, mwaka sabini na nane na sabini na tisa, nililala chini ya gari hili na Verlin. Kila bolti tuliirudisha kama ilivyotoka kiwandani. Halafu huyu mtoto anakuja kuchomelea machuma kwenye chasisi. Nilitaka lishindwe tu, lichukuliwe na mtu atakayelirudisha. Sikutaka aungue."

"Lakini kaungua."

"Verlin angelia."

Ardith alifungua daftari la jikoni, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne, imekuwa ya manjano. "Soma. Mwandiko unaujua."

Hobart akasoma kwa sauti, na sauti ikawa inapungua. "Rejeta la alumini, safu mbili. Feni mbili. Mihimili ya chasisi. Breki za diski..."

"Miaka ishirini alikuwa nayo kwenye droo. Nikamuuliza, mume wangu, kwa nini hununui? Akasema, Hobart ataniondolea alama. Mume wangu hakuogopa mlima, akaogopa kalamu yako. Mimi siiogopi. Na huyu binti haiogopi. Askari wa kaunti anakuja kwa habari ya mkono wake. Utamweleza mwenyewe."

Rusty alitoa gasketi mpya kwenye sanduku lake bila kuombwa. Thamostati ikarudi springi chini, maji yakajazwa, hewa ikatolewa. Saa tisa na nusu Marlee alikaa kwenye usukani.

"Bibi, mkono huu hauwezi kushika gia."

"Kwani mimi nimekuja kutalii?" Ardith alikuwa ameshakaa kiti cha abiria, upande wa kulia, mkono wake wa kushoto juu ya fimbo ya gia. "Babu yako alivunjika kidole wiki ya harusi yetu. Nani unafikiri alibadilisha gia hadi Knoxville? Wewe kanyaga klachi, useme."

"Klachi!"

"Ya pili."

"Klachi!"

"Ya tatu. Usimwonee huruma, mkanyage!"

Kona ya kwanza gari halikujipinda. Kona ya pili, pale lilipochemkia, mshale ulikuwa nusu. Kona ya tano ulikuwa nusu. Kileleni Marlee alizima injini, mashavu yamelowa, na kule chini getini mlango wa trela tupu ukaonekana unainuliwa. Darrel alipiga simu yenye maneno mawili: "Sawa, Mama."

Rusty alifika dakika tatu baadaye, kofia mkononi. "Naila na chumvi au bila?" Akainama kwenye boneti iliyofunguliwa, akasonya kwa mzaha. "Lakini Mama Ardith, klipu zinatazama chini. Alama mbili zimekwenda."

Ardith alifuta mikono kwenye gauni lake. "Andika hata nne," akasema.